Ambulensi Iliyovutwa na Lori ya Mbuzi

Gari iliyokataa kumbeba mke wangu ilirudi kwangu ikivutwa na lori ya mbuzi.

Sidanganyi mtu. Ilikuwa asubuhi, jua halijapata nguvu, niko kwa kibanda changu cha gereji hapa Gatitu nakunywa chai ya rangi. Maziwa sikuwa nimejisumbua kununua. Mtu akiishi peke yake anaacha vitu pole pole. Kwanza maziwa. Halafu anaacha kukalia meza, anakulia kando ya jiko akiwa amesimama.

Nikasikia mbuzi wanalia barabarani. Nikainua kichwa.

Lori ya Nanyuki, imejaa mbuzi mpaka juu. Nyuma ya lori, kamba ya chuma. Nyuma ya kamba, Prado nyeupe.

Niliijua kabla sijaona namba. Maandishi ya mlangoni yalikuwa yamekwanguliwa na mtu aliyechoka katikati ya kazi, kwa hivyo neno ambulensi lilikuwa bado linasomeka. Hata taa nyekundu ya juu ilikuwa bado imekaa pale pale.

Chai ilinimwagikia mguuni. Sikusikia moto.

Wacha nijitambulishe ndio tuelewane. Naitwa Gathogo, fundi wa magari. Shule niliacha mapema, kwa hivyo mkiona makosa ya kuandika, pitieni juu yake. Msichana wangu Lynn, yule ako Qatar, huniambia kwa simu, "Baba, kama huna wa kuongea naye, andika." Basi hii ndio naandika.

Mke wangu alikuwa anaitwa Watiri. Alikufa mwaka jana, siku ya Jumamosi, ndani ya pikapu ya kabichi.

Kijiji chetu ni Gathugu, huko juu, barabara ya mchanga mpaka ukutane na lami. Sisi wakulima wa kahawa tulikatwa pesa zetu, tukanunua hiyo Prado iwe ya wagonjwa. Four-wheel ndio ipande matope, otomatiki ndio mgonjwa asirushwe rushwe dereva akibadilisha gia. Tulipiga makofi. Padri akairushia maji.

Halafu tukampatia mwenyekiti wa ushirika aiangalie. Hapo ndipo tulikosea.

Mwenyekiti anaitwa Munene. Ile gari ilibeba mbolea yake. Ilibeba wapiga kura wake. Siku moja niliona imebeba kuku, na kitanda cha mgonjwa kimesimamishwa kando kama mlango. Wakubwa ni wale wale, wa ushirika mpaka wa serikali. Ukiwapa kijiko, wanachota sufuria yote.

Watiri alikuwa na shida ya kifua. Ile Jumamosi kifua kilifunga, midomo ikaanza kubadilika rangi. Ndani ya Prado kulikuwa na mtungi wa hewa. Nikampigia Munene.

"Chairman, Watiri hapumui. Tuma gari."

"Gari imekufa giaboksi, Gathogo. Tangu asubuhi inanguruma tu, haisongi."

"Basi nipe funguo nijaribu. Mimi si ni fundi?"

"Gari ya ushirika haiguswi na kila mtu. Nitakupigia."

Hakupiga.

Nikampigia dereva wa ambulensi, Wambugu. Huyo alikuja mbio kwa miguu, shati limelowa jasho, akatusaidia kushusha kabichi kutoka kwa pikapu ya Wamae ndio Watiri apate mahali pa kulala. Hatukuzishusha zote. Tulikuwa na haraka. Mke wangu alipita kwa njia panda ya lami akiwa amelalia majani ya kabichi, na hapo mkono wake ukawa baridi ndani ya mkono wangu.

Tangu hiyo siku sikuwa na neno lingine mdomoni ila Munene.

Watu walinichoka. Kanisani walinipa mkono haraka haraka wakaondoka. Aliyebaki ni Wambugu. Kila Jumapili alikuja na thamosi ya uji kutoka kwa mke wake Shiro, tunaketi, mimi namtukana Munene, yeye ananyamaza. Nilidhani ni heshima. Kama si yeye, kuna wiki ningemaliza bila kusikia sauti ya mtu ndani ya nyumba yangu.

Sasa rudini Gatitu, kwa lori.

Mwenye mbuzi akaruka chini. Anaitwa Yonis, mfanyabiashara wa mifugo, nimemtengenezea magari miaka mingi.

"Fundi Gathogo! Umeamka na nini, mbona umejimwagia chai?"

"Hiyo gari umeitoa wapi?"

"Mnada. Ile ya ushirika fulani. Giaboksi kwisha, lakini sikiza injini." Akaingia, akawasha. Ikashika mara moja, ikatulia, sauti laini kama cherehani. "Walahi hiyo ni injini! Niko na ingine Nanyuki, bodi safi, injini imezeeka. Toa hii nikaweke kwa ile. Hii iliyobaki tutauza kama vyuma."

Mimi nimesimama tu.

"Fundi, unaiangalia kama umeona jini. Ni ya mtu mbaya?"

"Ni ya watu wengi," nikamwambia. "Hiyo ndio mbaya zaidi."

Ningekataa hiyo kazi. Lakini nilitaka kuifungua. Nilitaka kuona kwa macho yangu kitu kilichomuua Watiri, nikishike, halafu nikakiweke mbele ya Munene watu wote wakiona. Hiyo tu. Mwaka mzima sikuwa nimetaka kitu kingine.

Yonis akaenda na mbuzi wake. Nikabaki na Prado.

Kutoa injini si kama kung'oa jino, ati unavuta tu. Nilitoa betri na boneti. Nikamwaga maji na oili. Nikatoa redieta na feni. Mabomba ya AC niliyafunga kando bila kuyafungua, gesi isitoroke. Kila waya niliotoa niliutia alama kwa rangi ya kucha. Ni rangi ya Watiri, nyekundu, aliipaka kwa harusi ya dada yake akaona haya akaifuta. Chupa ilibaki imejaa. Huwa sinunui nyingine. Hii ikiisha sijui nitafanya aje.

Halafu nikaingia chini.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo maneno yalipogeuka.

Kwa gari ya klachi, unafungua bolti zinazoshika giaboksi, unavuta injini, basi. Mafundi wengi wa huku tulilelewa na hizo, na ndio maana tunaharibu otomatiki za watu. Otomatiki ina kitu katikati, mnene, mviringo, kama sufuria mbili zimefunikiana, imejaa oili. Tunaiita konveta. Konveta imeshikwa kwa sahani ya injini na bolti zake. Hizo bolti ndizo zinapeleka nguvu ya injini kwa giaboksi. Usipozifungua kwanza, unavuta injini na konveta inatoka nayo, inararua mpira wa oili na kuvunja pampu.

Ukiwa juu huzioni. Unatoa kifuniko kidogo chini, halafu unazungusha injini na spana mpaka bolti ije mbele ya kidirisha. Unafungua. Unazungusha tena.

Nikazungusha. Tundu likaja mbele yangu.

Hakuna bolti.

Nikasema labda ilianguka. Nikazungusha. Tundu lingine. Hakuna. Nikazunguka mpaka nikarudi nilipoanzia.

Zote hazikuwako.

Nililala pale chini, oili inaniingia kwa shingo. Bolti moja inaweza kulegea. Zote haziwezi, na hakukuwa na moja iliyokatika. Matundu yalikuwa safi. Mtu aliingia hapa na spana, akafungua, akarudisha kifuniko vizuri.

Na gari isiyo na hizo bolti inafanya nini? Inawaka. Inanguruma siku nzima. Lakini haisongi hata hatua.

Nikataka kuwa na uhakika, kwa hivyo nikamaliza kazi. Hapa kwetu injini ikitoka, gereji zote zinasimama, kila mtu anakuja kushika. Peterson wa kuchomelea akaacha geti alilokuwa akichomelea. Tukafunga cheni juu ya nguzo, tukaanza kuvuta, tukiinamisha kidogo kidogo ndio sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, isigonge difu ya mbele.

"Vuta, Gathogo! Ama umekula ugali ya juzi?"

"Wewe shikilia huko, acha mdomo!"

"Mdomo yangu ndio inavuta hii injini, wewe umeshikilia cheni tu!"

Kicheko. Injini ikapanda, ikatoka, ikaning'inia. Watu wakarudi kwa kazi zao, na kibanda kikanyamaza tena.

Nikatia mkono pale wazi. Konveta ilikuwa imekaa nyuma vizuri kwa giaboksi. Nikaizungusha, ikazunguka laini. Nikachovya kidole kwa oili. Nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua.

Giaboksi ilikuwa nzima. Haikuwa imekufa hata siku moja.

"Munene," nikasema kwa sauti. Hakuna mtu alikuwa hapo. "Nimekupata."

Nikampigia Wambugu aje. Akaja, akasimama mbali, akaangalia injini ile kwenye cheni.

"Ingia chini uone kitu, rafiki yangu. Ingia uone vile wakubwa wanaua watu."

Hakuinama. Akaomba maji. Nikampatia, akashika kikombe bila kunywa.

"Baba Lynn," akasema, "si uiache tu? Mpe Yonis injini yake. Watiri hatarudi."

"Sasa unaongea kama wao."

"Nakuambia kama ndugu."

"Kama ndugu, njoo kwa mkutano wa ushirika unishikie upande. Munene aliharibu gari ndio iuzwe, na mke wangu akapita hapo katikati."

Akaweka kikombe chini, akaenda. Nilikasirika naye mpaka nikalala bila kula.

Mkutano ulikuwa kwa kiwanda, pale tunaanikia kahawa. Watu wamekalia magunia. Munene ako mbele, meza yake ina kitambaa na maua ya plastiki. Ilikuwa pia ni siku ya kuchagua mwenyekiti, kwa hivyo alikuwa anatabasamu tangu asubuhi.

Nikanyoosha mkono.

"Gathogo, kama ni ile maneno ya Watiri, tulishasema pole," Munene akasema.

"Leo sitaki pole. Leo nimeleta habari."

Nikaeleza vile nimewaeleza nyinyi. Nikainua simu, nikawaonyesha picha ya matundu. Simu haikufika hata katikati ya watu, mama mmoja akasimama.

"Ati bolti zilitolewa? Kwa mkono wa mtu?"

"Haziamki zikatembea, mama."

"Haiya! Gari yetu ilikuwa nzima na ikauzwa?"

"Chairman, lete bolti!" Huyo ni Muchiri, mkulima wa shamba za chini, mtu wa sauti kubwa. "Lete bolti!" Wengine wakaitikia. Ikawa kama wimbo. Lete bolti, lete bolti.

Munene alisimama jasho linatoka. "Mimi? Mimi hata tairi ikipata pancha naita mtu! Nitajua wapi bolti ya konve... ya hiyo kitu?"

Watu wakacheka, lakini kile kicheko kibaya. Vijana wakaanza kusogelea meza. Ua moja la plastiki likaanguka.

Nilifurahi. Sitawaficha. Ilikuwa mara ya kwanza kufurahi tangu nizike.

Halafu nyuma ya watu nikasikia sauti ninayoijua.

"Mwacheni Chairman. Ni mimi."

Wambugu. Ametoa kofia, ameishika kwa mikono miwili.

"Wambugu, keti," nikamwambia. "Usibebe mzigo wa mtu."

"Ni wangu, Baba Lynn. Nilizitoa ile Ijumaa jioni."

Nilihisi kama cheni imekatika na kitu kizito kinashuka, lakini bado hakijafika chini.

"Chairman alikuwa anataka kwenda nayo Wang'uru," akaendelea, "kwa ruracio ya kijana yake. Ibebe mablanketi ya mahari, na sukari, na wamama wa kwaya. Nikamuuliza, gari ya wagonjwa ishinde huko Wang'uru siku mzima, na mtu akiugua huku? Akaniambia dereva ni mkono, si kichwa."

Munene akaangalia kitambaa cha meza.

"Nikasema basi haitatoka. Nilifanya kazi kwa gereji ya serikali, hiyo kitu naijua. Nilijua ataona haisongi, akodishe gari ingine aende. Akienda tu, narudisha bolti, gari iko nyumbani, iko tayari. Hiyo ndio ilikuwa mpango yangu. Naapa kwa watoto wangu."

"Na kwa nini hukurudisha?" Mimi ndiye niliuliza.

"Kwa sababu alikasirika. Akafunga stoo ya ushirika, gari ikiwa ndani, na kufuli yake, akaenda na funguo Wang'uru."

Ungesikia kahawa ikikauka.

"Uliponipigia simu, Baba Lynn, nilikuwa kwa huo mlango. Bolti ziko kwa mfuko. Kufuli iko mbele ya uso yangu."

"Kulikuwa na mawe hapo nje," nikamwambia. "Kulikuwa na jembe. Kwa nini hukuvunja?"

Akazungusha ile kofia mikononi.

"Niliogopa kazi."

Basi. Ile kitu nzito ikafika chini.

Kazi yenyewe aliipoteza gari ilipouzwa. Akaniambia bolti alizitupa kwa choo jioni ile, kwa sababu angezirudisha, gari ingesonga baada ya mazishi, na kila mtu angeuliza. Na tangu hapo ndio uji wa Jumapili ulianza.

"Gathogo, wewe ndiye ulifiwa," Muchiri akasema. "Sema. Tumpeleke polisi, ama tumalizane na yeye hapa hapa?"

Wale vijana wa meza walikuwa wamegeuka, sasa wanamwangalia Wambugu. Neno langu moja tu, wangemrukia. Na yeye hakuwa anakimbia. Alikuwa ananiangalia mimi.

Munene ndiye alikuwa anapumua sasa. Amekaa. Ameokota ua lake, analirudisha kwa chupa.

Nikamwangalia vile analipanga lile ua, na kichwa changu kikafunguka.

"Chairman," nikasema. "Kama bolti zingekuwa mahali pake, saa ile ninakupigia, gari ingekuwa wapi?"

"Sasa hiyo si maneno ya..."

"Ingekuwa wapi?"

"Wang'uru."

"Na ilipokataa kusonga, funguo ya stoo ilikuwa wapi?"

"Funguo ni ya ofisi. Hukaa na mwenyekiti."

"Nimeuliza ilikuwa wapi."

Mkono wake ulienda wenyewe kwa mfuko wa koti, ukakaa hapo.

Ikiwa na bolti, gari iko Wang'uru imebeba sukari. Bila bolti, gari iko stoo imefungiwa. Nikaigeuza hiyo hesabu kila upande kama mtu anayetafuta mlango kwa giza. Hakuna upande Watiri alipata gari. Gari tuliyoinunua sisi, kwa kahawa aliyoichuma yeye.

"Mwacheni Wambugu aende nyumbani," nikasema.

"Na huyu?" Muchiri akaonyesha Munene.

"Huyo si mimi nilimweka. Ni nyinyi. Fanyeni vile mnajua."

Wakafanya. Kura ilipigwa siku hiyo hiyo, na Munene akashinda. Nikitoka, mzee mmoja alinishika bega akaniambia, "Angalau huyu tunamjua." Nimeishi miaka mingi na sijawahi kusikia neno la kijinga kama hilo, na ndilo linatawala hii nchi.

Jumapili iliyofuata hakuna mtu alikuja. Nikakaa kwa mlango. Nikajiambia sitaki aje. Nikakaa tu.

Yonis aliporudi nikamwambia ukweli wa gari yake. Alikaa juu ya tairi kuukuu akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikata hata mara moja.

"Allah amrehemu mama," akasema. Halafu akaiangalia gari, "Kwa hivyo giaboksi ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi rudisha injini. Hiyo gari itembee, fundi. Si vizuri ikatwe."

Nikairudisha. Nilipata bolti zinazofanana kwa Prado nyingine ya vyuma. Nikazifunga moja moja kwa kile kidirisha, na kila nikikaza nilikuwa nikisema kitu, lakini hicho ni changu.

"Ijaribu mpaka uamini," Yonis aliniambia kwa simu. "Nitaichukua jioni."

Nikaweka gia ya D. Ikaondoka kama mtoto ametumwa dukani.

Sikujua naenda wapi mpaka nilipojiona kwa geti ya Wambugu huko Gathugu. Shiro akatoka, akaona ile gari, akashika mdomo.

"Baba Lynn, tafadhali. Msipigane."

"Mwite. Niko na kazi na yeye."

Wambugu akatoka kwa shamba la kahawa, mikono ina udongo. Amekonda. Akasimama mbele ya boneti kama anangoja imgonge.

"Ingia uendeshe," nikamwambia.

"Niendeshe wapi?"

"Unajua."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia. Kitanda walikuwa wameshakitoa. Nikalala pale chini kwa bati, mahali kitanda kilikuwa. Sikutaka kukaa mbele na yeye. Sikutaka aone uso wangu, na wake sikutaka kuuona.

Tukaenda.

Barabara ya mchanga ilipita chini yangu kama si ile ninayoijua. Gari haikurusha hata kidogo. Tulipita nyumba ya Wamae. Tulipofika njia panda ya lami nikasikia anapunguza, anataka kusimama.

"Usisimame," nikamwambia. "Hiyo siku haungesimama."

Akakanyaga. Usukani aliushika sawa. Ni dereva mzuri. Hiyo siwezi kumnyima.

Nataka mjue ilikuwa safari fupi namna gani. Redio ilikuwa imeanza taarifa ya habari tukitoka kwake. Tulifika kwa geti ya hospitali huko mjini na msomaji bado hajafika kwa michezo.

Askari wa geti aliona taa nyekundu na yale maandishi yaliyokwanguliwa. Akaacha chai yake, akafungua geti mbili mbio. Akazunguka nyuma, akanifungulia mlango, akanikuta nimeshaketi, akachungulia.

"Mgonjwa ako wapi?"

Wambugu akaniangalia kwa kioo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza macho yetu yalikutana tangu mkutano.

"Tumechelewa," nikamwambia askari.

Sijamsamehe Wambugu. Mkitaka kusoma kwamba nilimsamehe, tafuteni mwandishi mwingine. Lakini aliponirudisha Gatitu hakushuka akaenda, na sikumwambia aende. Tulikaa ndani ya hiyo gari, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka Yonis akaja kuchukua mali yake.

Somo langu ni moja, na si la mapenzi wala la Biblia. Kama kijiji chako kina gari ya wagonjwa, usijivunie ati iko, na usiende kuikagua tairi. Nenda leo kwa huyo mkubwa wenu, mbele ya watu, umuulize funguo inalala kwa nani, na yeye akisafiri inabaki kwa nani. Akikosa jibu, chukueni hiyo funguo siku hiyo hiyo.

Msingoje kama sisi.